Fumbo Liwe Gumu, Njia Iwe Nyepesi

Kusini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Devon, iko nyika iitwayo Dartmoor, nchi ya upepo, ukungu na vilima vya mawe ya matale, ambayo mabonde yake ni vinamasi vya kumzamisha mtu magoti. Na huko, zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, ndiko kulikozuka mchezo ambao muradi wangu leo ni kuwasimulia wasomaji wa Bujumbura, hususan jirani zetu wa Mutakura, kisha kuuliza pamoja nao ni vipi mchezo huo, uliozaliwa katika ardhi inayomkataa kila mwenye mguu dhaifu, waweza kuchezwa na kijana wa kiti cha magurudumu, na bibi asiyeona, na kiziwi, na yule ambaye mkono wake mmoja haufanyi kazi.

Mwaka 1854 James Perrott, mkazi wa Chagford ambaye riziki yake ilikuwa kuwaongoza wageni katika nyika hiyo, aliweka chupa penye Cranmere Pool, mahali palipokuwa mbali na kila njia ya gari, ili kila afikaye aache humo kadi yenye jina lake iwe ushahidi wa safari. Desturi ikakua. Walikuja watu waliotia humo barua na postikadi zilizokwisha kuandikwa anwani, na mgeni aliyefuata, awe nani na atoke wapi, akawa na wajibu wa kuzichukua na kuzipeleka posta, naye akaacha zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaongezwa muhuri wa mpira, na mwaka 1976 Tom Gant alipochora ramani ya masanduku yote yaliyojulikana Dartmoor, yalikuwa 15 tu. Tangu hapo yakazaana hata yakahesabiwa kwa maelfu, na mwaka 1998, baada ya makala moja ya jarida la Smithsonian kuueleza mchezo huo, Wamarekani nao wakaupokea kwa mikono miwili.

Sheria zake ni chache. Mwenye kuficha huchonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe, akautia katika kisanduku kisichoingiza maji pamoja na daftari dogo, akakificha, kisha akaandika dalili za kumwongoza mtafutaji, nyingine wazi kama anwani ya barua, nyingine zimefumbwa hata mtu akakesha akizifikiri. Mtafutaji naye hutembea na muhuri wake na daftari lake. Akikipata kisanduku hupiga muhuri wake katika daftari la mle ndani, akapiga muhuri wa mle katika daftari lake, akakirudisha kama alivyokikuta. Hachukui kitu. Faida yake ni doa la wino na matembezi.

Kuacha maandishi njiani kwa ajili ya mpita njia asiyejulikana ni jambo kongwe kuliko Dartmoor. Mwaka 1500 nahodha Mreno Pêro de Ataíde aliacha barua mahali paitwapo leo Mossel Bay, kusini ya Afrika, na masimulizi husema aliitundika mtini ndani ya kiatu. Mwaka uliofuata João da Nova, akielekea Bara Hindi, akaiona, ikamwonya juu ya uadui uliokuwa ukimngoja Calicut. Leo pale pale limesimamishwa sanduku la posta lenye umbo la kiatu, na watalii hupenda kutuma barua zao kutoka humo. Mimi sistaajabii kiatu. Nastaajabia hekima ya mahali. Barua ile haikuzikwa katika pango wala kupandishwa jabali: iliachwa karibu na chemchemi, ambako mabaharia hushuka kuteka maji, kwa hiyo ilikuwa siri kwa asiyejua na wazi kwa kila aliyehitaji. Wachezaji wengi wa zama hizi wameisahau hekima hiyo, wakadhani kwamba kuficha ni kuweka kitu mbali.

Tuje sasa Mutakura. Mtaa huu uko kaskazini ya Bujumbura, katika zoni ya Cibitoke, komini ya Ntahangwa, upande ule ule wa Ngagara, Kinama na Kamenge, na kwa kuwa umelala katika uwanda wa Imbo, milima ikiwa imesimama kando upande wa mashariki, ardhi yake ni tambarare kwa kiasi ambacho Mwingereza wa Dartmoor angekionea wivu. Kizuizi chake yeye kimeumbwa na Mola. Vyetu tumevijenga wenyewe. Mbele ya nyumba na nyumba umepita mtaro wa maji ya mvua, nao huvukwa kwa ubao au kwa kipande cha zege ambacho mtu mzima hukipita bila kukitazama, ilhali kwa mwenye magongo ni daraja la majaribu na kwa mwenye kiti cha magurudumu ni mwisho wa safari. Kuna vizingiti vya milango ya nyua. Kuna njia za udongo ambazo wakati wa kiangazi ni vumbi na changarawe, na mvua zikija hugeuka matope yanayoshika gurudumu lisisogee. Hata barabara zilizotandikwa mawe ya kuchongwa, ambazo Bujumbura huzisifu, na kwa haki, maana zimeondoa matope, humtetemesha mwenye kiti hadi meno, na sijui kama mhandisi yeyote aliwahi kukaa katika kiti hicho akapita juu ya mawe yake mwenyewe kabla ya kukabidhi kazi.

Mtu mwingine atasema: tusihangaike na vichochoro vya Mutakura, tuweke kisanduku mahali penye sifa, kama vile penye jiwe la Mugere, kusini ya mji, ambako wasafiri Livingstone na Stanley walilala mwezi Novemba 1871, au penye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, lililo juu mlimani likiutazama mji na ziwa. Ni mahali patukufu pote pawili, lakini sifa ya mahali haimpandishi mtu kilima, na mkazi wa Mutakura asiyeweza kupanda basi dogo la abiria hatafaidika na kisanduku kilichowekwa upande wa pili wa mji. Mchezo wa mwenye ulemavu hauna budi kuanza pale anapoishi.

Na hapa pana kadhia ambayo vitabu vya Wazungu haviizingatii sana, nayo ni hofu. Mwaka 2015 ghasia za siasa zilipoukumba mji huu, Mutakura ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi. Mabomu ya kutupwa kwa mkono yalilipuka mjini, na misako ilipita nyumba kwa nyumba. Katika mtaa wenye kumbukumbu ya namna hiyo, mtu anayeinama kando ya mtaro akitia mkono chini ya jiwe kutafuta kisanduku hataulizwa kwa upole kama anacheza. Tusidhani ni wasiwasi wetu peke yetu: mwaka 2011, katika mji wa Wetherby huko Uingereza, kisanduku cha mchezo wa jamaa na huu kilidhaniwa kuwa bomu, barabara ikafungwa, na wataalamu wa jeshi wakakilipua. Hali kadhalika kuna wale ambao upweke wenyewe ni hatari kwao. Mwaka 2008 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa mashariki mwa Burundi, hata huko Ruyigi baadhi yao wakakusanywa pamoja ili walindwe; nani basi atamwambia kijana mwenye ualbino aende peke yake kichakani, kwenye jua kali linalounguza ngozi yake na kulitia ukungu jicho lake, akatafute muhuri?

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi za usalama na zile za magurudumu zinaelekea mahali pamoja, nalo ndilo jambo ninalotaka kulisema katika makala haya: kisanduku kisifichwe ardhini, kifichwe katika maneno. Kiwekwe mahali panapojulikana na kufikika, kwa ilani ya mkuu wa nyumbakumi, mikononi mwa mlinzi aliyekubali kwa hiari yake, kama vile mwenye duka, fundi cherehani, mtunza maktaba ya shule au mzee anayekaa barazani kutwa. Na ugumu wote wa mchezo utiwe katika dalili, ili anayelijua fumbo afike bila jasho na asiyelijua apite mbele ya duka lile lile mwaka mzima asijue kwamba chini ya kaunta kuna muhuri.

Wachezaji wa kompyuta na setilaiti wamelikaribia wazo hili kwa njia yao. Baada ya Marekani kuacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake kwa raia, mwezi Mei 2000, Dave Ulmer wa Oregon aliweka ndoo yenye vitu kando ya barabara akatangaza vipimo vya mahali pake, na kutokana na ndoo hiyo ukazaliwa mchezo wa jiokashi unaochezwa leo duniani kote. Kila kisanduku cha mchezo huo hupewa alama mbili tofauti, kuanzia 1 hadi 5: ya kwanza ni ugumu wa kukipata, ya pili ni ugumu wa ardhi, na alama 1 ya ardhi maana yake ni kwamba mtu wa kiti cha magurudumu aweza kukifikia. Fadhila ya mpango huo ni kuzitenga alama hizo mbili. Kisanduku chaweza kuwa na 5 kwa akili na 1 kwa ardhi, wala hapana aibu wala huruma ndani yake. Na mwenye kudhani kwamba asiyeweza kutembea lazima apewe fumbo la watoto wadogo amewavunjia heshima watu wengi kwa mkupuo mmoja.

Sisi tunayo mali ya kutosha ya kuuendesha mchezo wa namna hiyo. Mrundi akitaka kutega kitendawili hutamka “Sokwe!” na wenzake huitikia “Niruze!”, na Mswahili wa Buyenzi husema “Kitendawili!” akajibiwa “Tega!”, nao washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, walifumbiana kwa beti, mmoja akifunga na mwingine akifungua. Dalili ya kisanduku cha Mutakura yaweza kutegwa kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, nusu ya fumbo ikiwa katika lugha moja na nusu katika nyingine, jambo ambalo watoto wa Bujumbura, wanaobadili lugha katikati ya sentensi, watalifumbua upesi kuliko maprofesa.

Lakini maneno peke yake hayatoshi, maana mkono nao lazima ufike. Vipimo vinavyofuatwa Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1990, huhesabu kwamba mtu aliyeketi katika kiti hufikia kitu bila taabu kikiwa baina ya sentimita 40 na 120 kutoka chini. Kwamba njia yake iwe na upana wa takriban sentimita 90, na mahali pa kugeukia duara la sentimita 150. Na kwamba mteremko usizidi sehemu moja ya kimo kwa sehemu kumi na mbili za urefu, yaani kizingiti cha sentimita 25 kitataka mteremko wa mita tatu kamili, si ubao mfupi ulioegemezwa kwa haraka. Vipimo hivyo ni vyema, ila vimekatwa kwa kiti cha Ulaya na Marekani. Kwetu wengi huendesha baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono, mfano wa zile ambazo wafanyabiashara wenye ulemavu wa Goma huvushia bidhaa mpaka wa Gisenyi, nazo ni ndefu, nzito, wala hazigeuki katika duara dogo. Kwa hiyo mwenye kupanga njia Mutakura asichukue kipimo kitabuni, bali aazime baiskeli yenyewe, au bora zaidi amwalike mwenyewe apite na baiskeli yake, naye afuate nyuma akiandika pale inaponasa. Na kama mtaro hauna kivuko, Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za jamii, si siku mbaya ya kuwaomba majirani kipande cha zege kilicho kipana zaidi.

Kisanduku chenyewe chastahili kufikiriwa. Vifuniko vya kuzungusha, ambavyo huzuia maji vizuri, humshinda mwenye mkono mmoja na mwenye vidole vilivyokakamaa. Afadhali kifuniko cha bawaba chenye kitanzi kikubwa cha kamba ambacho hata ngumi iliyofungwa yaweza kukivuta. Muhuri ubandikwe juu ya kigogo cha mti kinachojaza kiganja. Daftari liwe na waya mgongoni ili lilale wazi bila kushikiliwa, na kidau cha wino kigandishwe ndani ya sanduku kisiteleze. Mpira wa kuchonga haupaswi kuwa tatizo, kwani soli ya kandambili iliyochakaa, wembe na subira hutoa muhuri safi kabisa, na muhuri wa namna hiyo una uzuri ambao ule wa kiwandani hauna.

Suala la asiyeona ni tamu zaidi, nami nitalikalia kidogo. Muhuri wa wino kwake ni karatasi tupu. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, alipofuka utotoni kwa kujichoma na chombo chenye ncha katika karakana ya babake aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi, na mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, akabuni maandishi ya nukta sita ambayo husomwa kwa kidole. Maandishi hayo yanapoandikwa kwa mkono, karatasi nene hubanwa katika kibao chenye vyumba vidogo, na mwandishi hudunga nukta kwa kalamu yenye ncha inayofanana na msharasi wa fundi viatu. Lakini hudunga kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa nukta zitokeze upande wa pili na kusomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa mtazame mchonga muhuri: naye huandika kinyume, akiligeuza kila neno katika mpira ili lisimame sawa katika karatasi. Maana yake ni kwamba mtu aliyesoma shule ya wasioona amekwisha kuzoea, kabla ya kuusikia mchezo huu, jambo lile lile linalowachanganya wenye macho siku ya kwanza ya kuchonga. Na pengine yeye ndiye angefaa kuwa mwalimu wa mtaa.

Kwa hiyo katika kila kisanduku uwekwe, pamoja na muhuri wa wino, wa pili uliochongwa kwa kina, wenye sura sahili ya kupapaswa, samaki, ngoma au jani la mgomba, ambao hugandamizwa katika kipande cha udongo laini wa mfinyanzi na kuacha umbo lenye mbonyeo. Mtafutaji huchukua kipande chake, hukianika juani, akawa na hazina inayosomeka kwa kidole gumba. Wala si kwa asiyeona tu. Watoto wote watakitaka kile cha udongo.

Dalili nazo ziandikwe kwa hisi zaidi ya moja. Kwa asiyeona mtaa una alama nyingi kuliko zile tulizozoea kuzitaja: ngurumo ya mashine ya kusaga, adhana na upande inakotokea, harufu ya ndagala sokoni, ukuta wa matofali unaokatika ghafla ukawa uzio wa mabati, joto la jua shavuni asubuhi likionyesha mashariki. Kwa kiziwi mambo ni kinyume, na dalili inayopatikana kwa kumpigia mtu simu peke yake imemfungia mlango. Basi yawepo maandishi, na mlinzi wa kisanduku ajifunze japo salamu na maneno machache ya ishara. Na kwa yule ambaye akili yake huenda polepole, ambaye kila mchezo humtoa nje mwanzoni, kuwe na dalili ya picha, hatua moja kwa karatasi moja, bila kumwondolea furaha ya kutafuta.

Sheria haikukosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, umetaja katika kifungu chake cha 30 haki ya kushiriki katika utamaduni, mapumziko na michezo. Burundi iliuridhia mwaka 2014, na Januari 2018 ikatoa sheria yake yenyewe ya kuendeleza na kulinda haki hizo. Ni kweli kwamba mwenye kukosa mguu wa bandia, au karo ya mtoto, au dawa, ana haja kubwa kuliko muhuri wa kandambili, na sitabishana na atakayenikumbusha. Ila nimeona kwamba tunapozungumza juu ya watu hawa, ambao wengine wao walilemazwa na vita vilivyoanza mwaka 1993 na wengine na polio, tunawahesabia hospitali, shule na sadaka, tukasahau kwamba nao siku ya Jumapili mchana hukaa uani wakiwa hawana la kufanya, sawa na sisi.

Lililobaki ni nani atakayeficha. Aghalabu mipango ya aina hii hutungwa na mwenye miguu kwa hisani yake, kisha mwenye ulemavu huitwa mwishoni apigwe picha. Napendekeza kinyume: kisanduku cha kwanza cha Mutakura kitungiwe njia na mtu asiyeona, naye atege dalili zake kwa sauti na harufu tu, bila kutaja rangi yoyote wala kibao chochote cha dukani, tuone wenye macho watafika saa ngapi, na cha pili kitegwe na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ambaye yeye ndiye ajuaye ni vivuko vipi vya mitaro vinampitisha. Njia zijaribiwe mara ya kwanza baina ya Juni na Septemba, mitaro ikiwa mikavu, kisha zijaribiwe upya baada ya mvua za mwanzo, kwa kuwa njia iliyopitika Agosti yaweza kufungwa na matope Novemba. Na juu ya kila dalili iandikwe, kwa maandishi makubwa na kwa nukta, tarehe ya siku ya mwisho ambapo mtu wa magurudumu alipita humo akafika.